Nilimwandikia Mtoto "Mzima"

Wanangu mnaovaa sare nyeupe, leo sina maneno matamu.

Mwezi uliopita nilipelekwa kliniki kupimwa presha, nikaketi kwenye benchi pamoja na kina mama wenye watoto. Mbele yangu alikuwa binti mmoja na mwanawe wa miaka miwili na kitu. Mtoto haangalii mtu. Ukimwita, ni kama umeuita ukuta. Anazungusha kifuniko cha chupa sakafuni, kikilala anakiinua, anakizungusha tena. Mama yake akamwambia muuguzi, "Alikuwa anasema mama, anasema maji. Sasa hasemi kitu." Muuguzi hakuinua hata uso kutoka kwenye daftari lake. Akasema, "Mama, usiwe na haraka. Watoto wa kiume huchelewa. Rudi akifika miaka mitatu."

Nilisimama na fimbo yangu. Nikasema, "Wewe, mwangalie mtoto kwanza!" Wakacheka. "Bibi, kaa, presha itapanda."

Sikukaa. Nilimuuliza yule binti anakoishi, na wiki ile ile nikamfuata kwake Vwawa. Hayo ni yangu na yeye. Ninyi nawaandikia kwa sababu nyingine. Mimi si mwema kuliko yule muuguzi. Sentensi aliyoitamka ni yangu. Niliitamka mimi, Ester Nambeye, enzi za Waingereza, kwenye zahanati ya misheni huku Mbozi, tena karibu neno kwa neno. Siku hizi mna jina, mnaita usonji. Sisi jina hatukuwa nalo. Lakini macho tulikuwa nayo, kwa hiyo msinitetee.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na saba. Baba alitaka niolewe. Sista wa misheni, Mzungu mrefu asiyecheka, alitaka msichana anayejua kusoma na asiyeogopa usaha. Sista akashinda. Aliyenifundisha kazi hasa ni dresa wetu, Mzee Simeoni, mtu mwembamba aliyebebeshwa mizigo ya jeshi wakati Wajerumani na Waingereza wanapigana, akarudi kwao anajua kufunga vidonda. Wiki yangu ya kwanza aliniambia nichemshe vyombo vyote. Nikachemsha vyote: sindano, vibano, mikasi, na kipima joto. Kilipasuka ndani ya sufuria, zebaki ikawa inakimbia chini kama visamaki. Simeoni akachungulia. "Binti," akasema, "umepika homa. Sasa tutamlisha nani?"

Kwa miaka mingi aliniita Mpishi. Lakini ndiye aliyenipa somo ambalo ningelishika, haya yote yasingetokea. Alikuwa akisema, "Mgonjwa huanza kusema akiwa bado mlangoni. Tazama anavyoingia." Nililiitikia somo lile kila mara. Kulifuata ni jambo jingine.

Tabita alikuja msimu wa kifaduro. Alikuwa mke wa Yohana, mkulima wa kahawa upande wa Iyula, na alitembea tangu alfajiri na mtoto wa kike mgongoni. Mtoto anaitwa Lidia, miaka miwili. Barazani watoto wanakohoa mpaka wanatapika, mimi nina mstari unaofika kwenye miti. Tabita akamteremsha mtoto, akasema alikuwa na maneno matatu, yamepotea yote. Akiitwa hageuki. Haonyeshi kitu kwa kidole. Bibi mmoja kijijini amesema ulimi umefungwa, ukatwe.

Nilimfungua mtoto mdomo. Ulimi mzima. Nikatazama masikio, masafi. Nikampima, uzito mzuri. Nikaandika kwenye daftari: Mzima.

"Usimkate ulimi," nikasema. "Na usiwe na haraka, Mama Lidia. Wengine huchelewa. Akifika miaka mitatu atakuchosha kwa maneno."

Tabita hakuondoka. Akasema, "Dada, hanioni. Mwanga unaopenya kwenye nyasi za paa anauona. Mimi hanioni."

Nilicheka. Naliandika hilo kwa makusudi ili mlisome. Mama ametembea nusu siku, amenipa kwa sentensi tatu kila kitu nilichohitaji kujua, nami nikacheka na kuita, "Anayefuata!"

Kosa la pili nililifanya nikitoka kanisani, nikiwa na njaa. Lidia alikuwa ametimiza mitatu na zaidi, maneno hakuna. Tabita akanishika mkono kwenye njia. Mtoto sasa anakimbia, akasema. Anafuata maji. Ukigeuka tu, yuko kijitoni, na mavuno ya kahawa yamefika, mikono yote inahitajika shambani. Afanye nini? Nami, nikiwa natembea, sikusimama hata kidogo, nikamjibu, "Mfunge kamba kiunoni karibu na wewe. Mbuzi hafi kwa kamba."

Mbuzi.

Baada ya wiki chache Tabita alirudi zahanati. Safari hii mtoto alikuwa amefungwa majani mguuni, na harufu ilitangulia kabla yao. Lidia alikuwa amejua kujivua kamba ya kiunoni, kwa hiyo walimhamishia kifundoni. Kamba ya katani. Alikuwa akizunguka mti wa kivuli kutwa nzima, akiivuta, nayo ikamla ngozi, ikaingia kwenye nyama. Simeoni alipofungua yale majani nililazimika kugeuza uso, mimi nisiyeogopa usaha.

"Nani amemfunga huyu mtoto?" Simeoni akauliza.

Tabita akatazama chini.

Simeoni alimkaripia pale pale mbele ya watu. Alimwambia hata mnyama hatendewi hivi, alimwambia hana moyo wa mama. Wanawake kwenye benchi wakaguna. Tabita alipokea yote na hakunitaja. Mimi nilikuwa nimeshika beseni, nikanyamaza. Nimeshuhudia watu wengi wakifa katika kazi hii, na usiku nalala vizuri. Lakini ile dakika niliyosimama na beseni mkononi nikinyamaza, hiyo sijapata dawa yake.

Siku mbili za kwanza tulimsafisha kwa nguvu. Wanaume wawili wanashika, Simeoni anaosha, Lidia anapiga kelele mpaka sauti inakatika inabaki pumzi tupu. Alimng'ata Simeoni kifundo cha mkono. Mzee aliyepita katikati ya risasi akaita, "Mama yangu!" kwa sauti ya msichana. Tulicheka baadaye. Wakati ule hakuna aliyecheka.

Siku ya tatu Simeoni na wale wanaume walikwenda kwenye msiba. Nilibaki mimi na Tabita na mtoto, na sikuwa na wa kumshika. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, nikalazimika kumtazama. Nikaona hatazami uso wangu, ila anaitazama bandeji, ile iliyoviringishwa. Nikamwekea mkononi. Akaikunjua yote mpaka mwisho, akaanza kuiviringisha tena, taratibu, kingo zikilingana kuliko nilivyowahi kuviringisha mimi. Nikasogeza beseni. Nikasema, "Maji." Nikagusa maji mimi kwanza. Nikasubiri. Nikasema, "Kitambaa." Nikasubiri. "Dawa." "Bandeji." Nilipomaliza nikafungua mikono yangu yote miwili mbele yake, tupu, nikasema, "Basi."

Alilia, ndiyo. Lakini hakupigana.

Kesho yake nikafanya vile vile. Kesho kutwa nikaleta beseni la bluu kwa sababu lile jeupe lilikuwa na nguo, na kila kitu kikabomoka. Alijigonga kichwa ukutani mpaka nikatoka mbio kumwaga zile nguo uani na kuleta jeupe. Nilijifunza hapo. Sisi tulidhani mtoto hana mpangilio. Kumbe mpangilio alikuwa nao, sisi ndio tulikuwa tunauvuruga kila dakika bila kumwambia. Wiki ya pili nilisema "Maji," na kabla sijamgusa, mguu mdogo ukanyooka wenyewe juu ya beseni.

Simeoni aliona akiwa mlangoni. Akasema polepole, "Mpishi, umefanyaje?" Ndipo nikamweleza, na nilipokuwa naeleza nikamweleza na ile habari ya kamba, kwamba ushauri ulitoka kwangu.

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. "Umeniacha nimtukane mke wa watu kwa kosa lako," akasema. "Siku ya mapumziko utakwenda Iyula kwa miguu. Utamwomba radhi mbele ya mama mkwe wake, kwa sababu habari za nilivyomtukana zimeshafika huko."

Nilikwenda. Nilimkuta Yohana, Tabita, na mama yake Yohana, kikongwe mwenye ugoro na macho makali, wanachambua buni kwenye mkeka. Nikapiga magoti nikasema yote. Tabita alilia kimya kimya. Yohana aliendelea kuchambua. Kikongwe akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Tumesikia. Lakini msamaha hauchungi mtoto. Wewe wa zahanati unajua nini ambacho sisi hatukijui?"

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia, wanangu. Nilikuwa nimevaa aproni miaka minne kabla ya hapo.

Niliwaambia nilichokiona kwenye beseni, na hakikuwa kingi. Wao wakaniambia waliyoyaona, nayo yalikuwa mengi kuliko daftari langu lote. Kikongwe alijua Lidia hali ugali ulioguswa na mboga, lakini vikiwekwa mbalimbali anamaliza vyote. Tabita alijua mvua ikipiga bati la kanisa mtoto anaumia kama anayechapwa, ila ukimziba masikio kwa viganja anatulia. Nikauliza, "Na wewe Baba Lidia?" Akasema, "Kulea mtoto ni kazi ya wanawake."

Mama yake akapiga ugoro. "Na kumpata ilikuwa kazi ya nani?"

Yohana akaacha kuchambua buni, akajisogeza karibu.

Tulikaa mpaka jua likapinda. Tulipanga kila siku mtoto ni wa nani asubuhi na wa nani jioni, kwa sababu mama mmoja hawezi kuwa macho ya siku saba. Jumatano asubuhi ilikuwa ya Yohana, apende asipende. Tulikubaliana maneno, machache, yale yale, na watu wote wa nyumba wayatumie hayo hayo: huyu asiseme njoo ule na yule akasema chakula tayari. Tulikubaliana kumwonyesha jambo kabla halijamfika. Kama ni kwenda kisimani, ashikishwe kata ya kuchotea maji kwanza. Kwa sababu anafuata maji, tukaamua apewe maji: kikongwe akaweka chungu kipana nyuma ya nyumba, na kila siku baada ya uji alicheza hapo mtu akimwona. Kijitoni akapungua kwenda. Kazi tulimfundisha kwa mikono, mkono wako juu ya mkono wake, halafu unaupunguza uzito siku baada ya siku mpaka unabaki hewani. Tukaiondoa kamba. Kikongwe aliichoma jikoni mwenyewe.

Ninyi mnaniuliza mkija kunitembelea, "Bibi, mlitumia mbinu gani?" Mbinu! Tulikuwa watu wanne na mkeka wa buni. Kitu tulichokuwa nacho ni kwamba mtoto alikuwa bado mdogo, miaka minne kasoro, na tayari nilikuwa nimeshampotezea miwili. Msisikie vibaya nikifoka. Miaka miwili ya mtoto wa umri ule ni mingi kuliko ishirini yangu mimi sasa.

Msidhani mambo yalinyooka. Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa aliyeamua Lidia ana pepo bubu. Kila alipopita alimshika kichwa kwa mikono miwili na kuomba kwa sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Mtoto anasikia sauti ya kawaida kama ngoma, wewe unamlilia sikioni! Nilimwambia aache. Akanijibu kwamba dawa ni yangu na roho ni zake. Basi siku moja, Lidia akiwa karibu kufikisha miaka saba, yule mzee amefika katikati ya maombi, mtoto akanyanyua mkono, akamziba mdomo, akasema wazi kabisa, "Basi."

Neno la kwanza tangu yale matatu yapotee. Mzee alitangaza Jumapili kwamba pepo ametoka. Kikongwe akasema kwa sauti iliyosikika mpaka madhabahuni, "Ametoka, naye ndiye aliyekuwa anapiga kelele."

Lakini kabla ya hilo neno, tulikaribia kumpoteza.

Daktari wa serikali, Mzungu, alikuwa akipita kwenye zahanati yetu kila baada ya miezi michache, na gari na karani wa kutafsiri. Lidia alikuwa na miaka mitano. Tabita alimleta kwa sababu ya kovu la mguu lililokuwa linavuta. Daktari hakuutazama mguu sana. Alimshika mtoto kidevu akageuza uso wake huku na huku, akapiga vidole karibu na sikio, akamwita. Lidia akachukua kalamu za daktari mezani akazipanga kwa urefu. Daktari akasema maneno, karani akatafsiri: "Daktari anasema mtoto huyu hana akili na hatapata. Kuna nyumba ya serikali ya wagonjwa wa akili, mbali huko. Atapelekwa na gari hili likirudi keshokutwa. Baba aje aweke dole gumba kwenye karatasi."

Na keshokutwa yake Yohana alikuja, pamoja na Tabita na mtoto. Si kwamba hakumpenda mtoto. Serikali ilikuwa serikali, na ukiambiwa uje unakuja. Karani akamshika kidole akakipaka wino. Mimi nilikuwa pembeni na trei.

Nikasema, "Daktari, mtoto huyu anaelewa. Nimpe beseni uone."

"Ester, nyamaza," Sista akasema.

"Amejifunza kuteka maji, anachambua buni, ana..."

"Nyamaza!"

Yohana alikuwa amesimama na kidole hewani. Hakunitazama mimi. Alimtazama Sista, kwa sababu Sista alijua lugha zote mbili, akasema, "Muulize daktari. Huko, nani atajua kwamba hali ugali ulioguswa na mboga?"

Sista akasita, akatafsiri. Daktari akatazama saa.

"Muulize, mvua ikipiga bati, nani atamziba masikio?"

Sista akatafsiri hilo nalo, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Muulize, kazi ikiisha, nani atamwonyesha mikono na kumwambia basi?"

Daktari akajibu kwa kifupi. Sista akasema, "Anasema kule hakuna nafasi ya mambo kama hayo."

Yohana akafuta kidole kwenye kaptura yake, taratibu, mpaka wino ukaisha. "Kama hakuna nafasi," akasema, "mimi sina mtoto wa kupeleka." Akamwinua Lidia begani wakatoka, Tabita nyuma yao akikimbia.

Jumatano asubuhi, wanangu. Yule mwanamume aliyajua yale kwa sababu ya Jumatano asubuhi. Asingepewa siku yake angeweka dole.

Daktari hakumgusa Yohana, aliyeadhibiwa ni mimi. Nilikuwa nimesema mbele ya mgonjwa bila kuulizwa. Sista alinitoa kwenye kufunga vidonda akaniweka kwenye ufuaji, mashuka na bandeji, nusu mwaka. Mikono ilichubuka kwa sabuni mpaka Simeoni akawa ananipaka mafuta kwa siri. Hilo ningelisahau. Ninalosimulia sasa ndilo nisilolisahau.

Nikiwa kwenye ufuaji, alikuja mjane mmoja kutoka milima ya Ileje, mbele ya Itumba. Alikuwa ametembea siku mbili na binti yake wa miaka minne. Niliwaona nikiwa naanika. Mtoto alikuwa anatembea kwa ncha za vidole, anapeperusha mikono pembeni mwa macho, na kila akipita shuka moja analigusa, moja moja, bila kuruka hata moja. Nilijua. Kutoka mbali, na povu mpaka kwenye viwiko, nilijua vizuri kuliko daktari yeyote. Na siku hiyo daktari alikuwepo.

Kutoka kwenye kamba ya nguo mpaka barazani ni hatua kama thelathini. Ningeweza kwenda. Ningemwambia yule mama maneno saba tu: usiweke dole, kuna nyumba Iyula, nitakupeleka ukaone. Lakini nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja wa adhabu, na Sista alikuwa amenionya kwamba nikifungua mdomo tena nirudi kwa baba yangu. Nikaanika shuka jingine.

Hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kukataa, si Sista, si karani. Simeoni alikuwa ndani anang'oa jino la mtu. Mjane akaweka dole kwa sababu ndivyo watu wenye karatasi walivyomwambia, kwamba mtoto atatunzwa. Walimpandisha mtoto kwenye gari. Mama yake akampa kibuyu cha uji, mtoto akakidondosha. Gari likaondoka.

Baadaye, niliporudishwa kwenye vidonda, nilimshika Simeoni tukamwendea Sista atuulizie habari za mtoto yule. Aliandika barua. Halikuja jibu. Tulipomwomba aandike tena alisema tuliache jambo hilo, tuna wagonjwa. Mpaka leo sijui yule mtoto aliishi siku ngapi huko, wala nani alimlisha. Watu huniambia, Bibi, ilikuwa enzi za ukoloni, ungefanya nini. Ningetembea hatua thelathini! Mkoloni hakunifunga miguu. Namkasirikia daktari, namkasirikia yule karani aliyekuwa mwenzetu na akatafsiri kama anasoma bei ya chumvi ya Ivuna. Lakini wao wamekufa, na mimi ndiye niliyebaki kukasirikiwa, kwa hiyo nakasirika.

Lidia alikua. Hakuwa kama wengine, na msije mkawadanganya wazazi kwamba atakuwa. Alikuwa na maneno labda arobaini. Alichechemea kidogo kwa ajili ya ule mguu. Hakuolewa. Soko lilimshinda, harusi zilimshinda, na siku nyingine hata mwanga wa asubuhi ulimshinda akakaa ndani. Lakini alipika, aliteka maji, alijua njia ya kwa shangazi zake wote, na chama cha ushirika kilipojenga ghala la kahawa walimchukua kuchambua. Hakuna aliyemfikia. Punje moja mbovu kwenye debe zima aliiona. Kasoro yake ni kwamba hakukubali debe liondoke nayo, hata mnunuzi awe amesimama anapiga honi. Tabita aliniambia siku moja, "Wote waliniuliza atapona lini. Ni mama mkwe wangu peke yake aliyeniuliza leo amekula nini."

Zile siku saba walizigawana mpaka mwisho. Kikongwe alipofariki, shemeji yake Tabita alichukua siku zake bila kuombwa.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Waingereza, na mimi nimekuwa mkunga, siku hizo nakaa karibu na ghala. Mchana mmoja akaja mwanamke amefunga kitambaa cheupe, amekonda, nywele zimeanza mvi. Sikumtambua mpaka aliposema ametoka Ileje. Alikuwa amesikia sokoni kwamba Iyula kuna mtoto aliyekaribia kuchukuliwa na gari la daktari, wazazi wakakataa, na sasa ni msichana mkubwa. Akaniomba nimwonyeshe.

Nilimpeleka ghalani. Tulisimama mlangoni. Lidia alikuwa amekaa kwenye gunia, anachambua, midomo inacheza kidogo kama anayejiimbia. Aliinua macho, akatuona, akayarudisha kwenye buni. Yule mama alimtazama mpaka debe la buni likajaa. Vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua ncha ya kanga.

"Wangu naye angeweza hivi?" akauliza.

Ningeweza kusema sijui. Lingekuwa jibu la kweli pia, kwa sababu watoto hawa hawafanani. Lakini nilikuwa nimechoka kujificha.

"Nadhani angeweza kitu," nikasema. "Siku ile niliwaona. Nilikuwa naanika nguo."

Akanigeukia. Hakupiga kelele. Akaniuliza kwa Kindali, lugha ya kwao Ileje, nami nilikielewa vizuri kuliko nilivyotaka, "Basi mbona hukuniambia?"

Nilimkaribisha nyumbani, nikamwandalia chai, nikamweleza yote, hata ule mwezi mmoja wa adhabu. Alikaa mpaka ikapoa, hakuinywa, akaaga akaenda zake.